Wadudu wa Vitabu vya Likizo

Nilipokuwa na miaka saba hivi, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba vitabu vya mwaka wa mwisho wa sekondari vina wadudu. Si mende wala mchwa, hao kila mtu anawajua. Hawa walikuwa weusi, wadogo kuliko chawa wa kuku, na walikaa kwenye karatasi wamejipanga mistari. Kijana akifungua kitabu na kukikazia macho, wanaruka mmoja mmoja, wanaingia kwa mboni ya jicho, wanapanda mpaka kwenye ubongo, na huko wanakula. Hawali ubongo wote, la. Wanakula ile sehemu inayoweka watu wa nyumbani. Wanaanza na majirani, wanaenda kwa mashangazi, wanafika kwa ndugu, na kijana akishika cheti chake mkononi wanakuwa wamemaliza mama. Vitabu vya madarasa ya chini havikuwa na neno. Huko wadudu walikuwa bado mayai.

Cheka tu, hata mimi nacheka. Lakini juzi mjukuu wangu anayeingia kidato cha mwisho alikuja kwangu likizo na orodha ya vitabu vya kumaliza kabla shule haijafunguliwa. Alikaa sebuleni alasiri, na kwa kuwa mbu wa kwangu ni wakubwa kiasi cha kubisha mlango, akawasha ile dawa ya kijani ya kuzunguka kama konokono. Moshi ukapanda. Ninyi wa rika langu mliolelewa kwenye mashamba ya wazungu mnaijua harufu ya pareto, lile ua linalotiwa kwenye dawa hiyo: chungu, kavu, inayokaa kooni mpaka kesho yake. Nikatoka nje nikajifanya naangalia mbuzi. Mbuzi wenyewe niliwauza zamani.

Sisi tulikaa kwenye laini, ile safu ya vyumba vya wafanyakazi, ya shamba moja juu ya Subukia, mahali baridi sana, ambapo kikohozi cha asubuhi kiliweza kuganda kabla hakijafika kwa jirani. Tulikuwa tumetoka magharibi, baba akitafuta kazi, na kazi aliyopata ilikuwa ya moto. Kulikuwa na nyumba ya mawe ya kukaushia maua, tuliyoita draya. Akina mama walichuma maua ya pareto, wakayamwaga kwenye treya za wavu, treya zikapangwa humo ndani moja juu ya nyingine, na chini yake baba akawasha kuni zilizopeleka joto kwa bomba la chuma. Baba alipima joto kwa kuweka shavu mlangoni. Hakuwahi kukosea hata siku moja, na hata ile siku nitakayowasimulia, kosa halikuwa lake. Aliipenda pareto kama mchungaji anavyopenda injili. Alikuwa akisugua ua kavu kiganjani, ananinusisha, ananiambia kwamba unga huu unavuka bahari na kuua kila kitu chenye miguu sita. Neno hilo nililiweka.

Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi Mama Nyambura. Zilikuwa zile siku za hatari, serikali ikipigana na watu wa msituni, na Wakikuyu wengi wa shamba lile walikuwa wameshapakiwa na kuondolewa. Bwana, mzungu mwenye shamba, alikuwa amebakisha wachache, na Mama Nyambura alikuwa mmoja wao, yeye na binti yake Nyambura, rika langu, ambaye alinishinda kwa kila mchezo na akanikumbusha kila siku. Pia alikuwa na mtoto wa kiume, Gitau, aliyesoma mbali na kukaa kwa mjomba wake muda mwingi. Alipokuja likizo alininyoa nywele kwa wembe bila kunikata hata mara moja, jambo ambalo baba yangu hakuwahi kuliweza. Bwana hakumjua Gitau. Bwana hakutujua sisi watoto wa laini kwa sura, alitujua kwa kelele.

Likizo moja Gitau alikuwa anatarajiwa nyumbani na vitabu vyake vya kuingilia mwaka wa mwisho. Mama yake alikuwa amepaka kuta udongo mpya. Siku hiyo mchana lori likasimama pale bombani kuchukua maji ya rejeta. Nyuma yake wameketi wanaume, mikono kichwani, na askari wawili wamesimama. Gitau alikuwa wa pembeni kabisa. Hakuwa na vitabu wala koti. Mama Nyambura alikuwa hatua nne kutoka pale, anakinga maji kwa debe. Askari mmoja akauliza kama kuna mtu yeyote pale anayemjua yeyote wa kwenye lori. Gitau akamtazama mama yake jinsi unavyotazama nguzo ya ua, kisha akatazama kilima. Mama Nyambura aliendelea kuangalia ndani ya debe, na debe lilikuwa limeshajaa, maji yanamwagikia miguuni. Mimi nilivuta pumzi ili niite Gitau kwa sauti ambayo ingesikika Nakuru. Mkono ukanifunga mdomo. Ulinuka pareto. Ulikuwa wa mama yangu, na haukutoka mpaka lori lilipopotea kwenye kona.

Sisi watoto tukauliza, kwa nini Gitau hakusalimia? Akina mama pale bombani wakainamia madebe yao. Halafu mmoja wao, aliyekuwa hodari wa hadithi, akasema ni vile vitabu. Vitabu vya likizo vya kuingilia mwaka wa mwisho, hivyo vina wadudu. Mwingine akaongeza kwamba wanaingia kwa jicho. Wa tatu akaongeza kwamba wanaanza na majirani. Kila mmoja aliongeza mguu mmoja mpaka mdudu akakamilika. Nikamgeukia Mama Nyambura anihakikishie, maana yeye ndiye mwenye mtoto.

"Ndiyo," akasema. "Wamemmaliza." Akajitwika debe akaenda.

Sasa niambie, ningekataaje? Nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kaka yangu Ezra. Ezra alikuwa mtoto wa kwanza wa laini ile yote kufika shule ya bweni, na alipokuja likizo hiyo watu walikuja kumsalimu yeye kwanza, kisha wakasalimu sanduku. Ndani ya sanduku mlikuwa na vitabu saba na karatasi yenye muhuri. Alimsomea baba karatasi hiyo mara mbili. Vitabu vyote saba visomwe likizoni. Siku ya kufungua, mkuu wa shule angekaa na kila kijana na kumuuliza kitabu kimoja kimoja. Asiyesoma, au atakayerudisha kitabu cha shule kimeharibika, asingepanda darasa la mwisho, kwa sababu viti vilikuwa vichache na wa kuvingoja walikuwa wengi. Baba akakunja karatasi polepole, akaiweka ndani ya Biblia. Mama akaniambia nikigusa sanduku lile atanichuna ngozi anishonee nayo begi la shule.

Sikugusa. Nilichungulia. Ezra alikuwa amekiacha kimoja wazi kwenye kiti, na mimi kusoma sikujua, nilikuwa bado sijaanza shule. Nikainama. Walikuwepo! Weusi, mamia kwa maelfu, wamejipanga mistari, wengine wana mikia, wengine wana macho mawili juu. Nilirudi nyuma nikaanguka juu ya kuku.

Kuanzia hapo nikawa namchunguza kaka yangu kama daktari. Dalili zilikuwa wazi. Asubuhi moja alinipita bila kuniona. Nilimuuliza kama anataka uji, akasema "ee," nikamuuliza kama anataka nyoka, akasema "ee." Aliniita kwa jina la marehemu mjomba. Nikamjaribu na swali gumu: ng'ombe wetu tuliyemwacha magharibi anaitwa nani? Akasema, bila kuinua macho, kwamba hatukuwa na ng'ombe. Tulikuwa naye! Miguu mitatu mizima na mmoja wa kuchechemea, lakini tulikuwa naye. Basi mashangazi walikuwa wameshaliwa, sasa wadudu wako kwenye mifugo, na baada ya mifugo ni mimi. Nililia nyuma ya choo. Halafu nikajifuta, nikakumbuka kitu chenye miguu sita.

Alasiri moja baba alikuwa amekwenda kuleta kuni, na Ezra ametumwa dukani. Nilichukua viwili, vile vinene zaidi, kila kimoja kizito kama ndama. Niliingia draya. Joto likanipiga usoni. Nikavuta treya ya chini kabisa, iliyo karibu na bomba, kwa sababu nilitaka dawa kali. Nikavifungua kwa upole, nikavilaza uso chini, ili wadudu waone njia ya kutokea, nikavifunika kwa maua, nikaisukuma treya ndani. Nilitoka pale nimejaa furaha. Nilikuwa nimemwokoa kaka yangu, na pengine elimu yote ya Kenya.

Ezra alitafuta vitabu vile jioni yote bila kusema neno kwa baba. Nilimwona akigeuza magunia. Nikanyamaza, nikijua asubuhi nitamrudishia vikiwa safi.

Lakini asubuhi alivipata nyapara. Huyu alikuwa mgeni, ameletwa miezi michache kabla kutoka shamba lingine, mtu mwembamba mwenye daftari mfukoni na penseli nyuma ya sikio, na alipenda kuandika kuliko mvua inavyopenda kunyesha. Alikuwa anasimamia akina mama wakimwaga treya. Ya chini ilipomwagwa vikaanguka viwili. Jalada la kimoja lilikuwa limejikunja kama ngozi ya nguruwe. Cha pili kurasa za nyuma zilikuwa zimegeuka rangi ya chapati, na ulipozishika zilivunjika.

Kila mtu akaitwa mbele ya draya. Bwana alikuja amevaa buti, uso mwekundu, vitabu mkononi. Nilikuwa na hakika atanipa zawadi. Nilishangaa kuona mama amekaa chini kwenye majani.

"Nani naficha karatasi ndani ya pareto yangu?" bwana akauliza.

Siku zile karatasi iliyofichwa haikuwa kitu cha mchezo. Ilikuwa barua ya watu wa msituni mpaka ithibitike vinginevyo. Ezra akatoka mbele, akasema vitabu ni vyake, ni vya shule, muhuri uko ndani. Bwana akauliza vimeingiaje kwenye treya. Ezra akasema hajui. Nyapara akasema wanafunzi ndio wanaotumwa, kwa sababu wanapita njiani bila kuulizwa sana, na kwamba dawa yake ni kumpeleka kituo cha polisi na kuzuia kibali chake cha kusafiri mpaka ukweli ujulikane. Zilikuwa zimebaki siku tano shule ifunguliwe. Baba akavua kofia. Alisema yeye ndiye mtu wa moto, hakuna kinachoingia draya bila yeye, kwa hivyo apelekwe yeye. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia hivyo.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba zawadi haipo. Nikapenya katikati ya sketi za akina mama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa naua wadudu."

Bwana akaniangalia kutoka juu sana. "Wadudu gani?"

Nikaeleza. Nikaonyesha na kidole wanavyoruka, wanavyoingia kwa jicho, wanavyoanza na majirani. Bwana alitaka nyapara amtafsirie vizuri zaidi, na nyapara alipofika kwenye mashangazi, bwana akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akina mama wakacheka kwa woga, na hata baba akatoa pumzi. Hakuna kitu kilichowahi kuniharibu maishani kama kicheko cha watu wakubwa. Niliona wananisikiliza. Niliona kaka yangu anapona. Nikataka kuongeza, kitu cha kuwafanya wasicheke tu bali waamini, na ushahidi nilikuwa nao.

"Si uongo, bwana," nikasema. "Hata Gitau walimla. Alipita hapa na lori akamsahau mama yake, na mama yake alikuwa pale pale bombani."

Bwana alikuwa bado anacheka. Nyapara hakuwa anacheka. Alikuwa ametoa penseli sikioni.

"Gitau nani?" akaniuliza kwa upole sana. "Mama yake ni yupi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Mama Nyambura alikuwa amesimama na kikapu chake cha maua, mtu wa pili kutoka mwisho. Hakusogea. Mama yangu alitoa sauti ambayo nilidhani ni ya kukohoa. Nyapara akaandika. Kisha akamwambia bwana neno moja karibu na sikio, na kicheko kikaisha.

Bwana alimtupia Ezra vitabu. "Wewe chukua, enda soma," akasema. Ezra hakuondoka. Alisimama pale na vitabu kifuani, ananiangalia mimi. Nilimchekea. Nilikuwa nimemwokoa mara mbili.

Kesho yake mchana gari la askari likaja. Mama Nyambura alitoka na mzigo mmoja na Nyambura mkononi. Kabla ya hapo alikuwa amemletea mama sufuria zake mbili na kigoda amtunzie. Nami nilijua kabisa wanakopelekwa. Kwenye josho! Ng'ombe wakipata kupe si wanapitishwa kwenye dawa? Mama wa kijana aliyeliwa na wadudu lazima naye asafishwe, yeye na binti yake, wasije wakatuambukiza. Niliona ni jambo la busara, nikashangaa kwamba Nyambura analia. Nikakimbia kando ya gari, nikamwambia asiogope, dawa haiumi, watarudi. Mama Nyambura alinitazama. Aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemzuia mtoto asikaribie gurudumu.

Siku zile tano zilizobaki Ezra alisoma kile kitabu kilichoungua, ukurasa kwa ukurasa, anazigeuza kwa ncha ya kisu zisivunjike. Zilizokwisha kusagika hakuwa na la kuzifanya. Hakuwa anacheka tena, na nikahesabu hiyo kuwa dalili. Siku ya kuondoka alinipeleka nyuma ya nyumba, akachuchumaa mbele yangu. "Mtu yeyote akikuuliza kitu tena," akasema, "nyamaza." Nikamwuliza kama bado ananijua. Akasema ananijua. Nikamwuliza kama ana hakika. Akanikumbatia kwa nguvu iliyoniumiza mbavu, akajitwika sanduku. Huko shuleni, tulikuja kusikia, mkuu alikasirika mpaka miwani ikamwanguka, lakini alipomwuliza habari za kile kitabu Ezra aliieleza kuanzia mwanzo, na kwenye zile kurasa zilizoungua akasema waziwazi kwamba hapa sijui. Akapanda darasa. Alikuwa wa kwanza wetu sote kupata cheti, na baadaye akawa mwalimu.

Mimi je? Mimi ilipofika zamu yangu ya shule nilishika nguzo ya nyumba, na watu wanne hawakuweza kunibandua. Basi, wawili. Nilipelekwa, nikatoroka, nikapelekwa, nikatoroka. Kila niliposhika kitabu nilisikia kuwashwa machoni. Cheti changu nilikipata nikiwa na watoto watatu, kwenye shule ya jioni, ile ya gumbaru, chini ya taa ya karabai, na mwalimu aliyekuwa mdogo kuliko koti langu. Nimekitundika ukutani na fremu kubwa kuliko dirisha. Wageni wakiuliza kwa nini nilichelewa, nawachekesha na hadithi ya wadudu. Huwa naikatiza pale bwana anaposhika ukuta.

Miaka ilipita, malori yakaacha kupita bombani. Nilikuwa nakaribia kumi na mbili, mrefu, miguu imetoka kwenye suruali, siku Mama Nyambura alipoingia nyumbani kwetu. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe upande mmoja. Nyambura alibaki mlangoni, hakunisalimia. Mama alitoa zile sufuria mbili na kigoda kutoka chini ya kitanda. Alikuwa amezisugua kila Jumamosi miaka yote hiyo, na hakuwahi kupikia hata moja, hata ile siku yetu ilipotoboka. Akachemsha chai. Ezra alikuwepo, amerudi kutoka chuo cha ualimu. Wakazungumza habari za mvua, za nani amekufa na nani amehama. Gitau, tukasikia, alikuwa ameachiliwa, yuko Nakuru, anatengeneza baiskeli. Darasani hakurudi. Nafasi ilikuwa imechukuliwa zamani.

Nilikuwa nimengoja miaka yote nijue kama ile dawa ya josho ilifanya kazi.

"Mama Nyambura," nikasema, "na Gitau siku hizi anakukumbuka?"

Mama akaweka birika chini. Ezra akatazama mikono yake. Mama Nyambura aligeuka kwenye kigoda chake akaniangalia muda, na nilitafuta hasira usoni mwake. Sikuiona. Alisema jinsi unavyomwelekeza mgeni njia.

"Vitabu havina wadudu, mwanangu. Siku ile Gitau alinijua, na mimi nilimjua. Angeniita mama, ningepandishwa lile lori, mimi na huyu Nyambura. Basi alinyamaza. Mimi nikanyamaza. Na laini yote ikanyamaza."